Tunachagua Miili, Halafu Tunalalamika Hatuna Wachezaji



Leo naomba tuweke pembeni kidogo mambo ya majukwaani tuongee mpira. Na siongelei Simba na Yanga, hao wana wasemaji wao, tena wanalipwa. Naongelea mtoto wa miaka 13 au 14, yuko kidato cha kwanza, amesimama kwenye mstari uwanjani akisubiri mwalimu wa michezo amwambie kama yumo au hayumo kwenye timu ya wilaya ya UMISSETA.

Nafundisha timu ya watoto mtaani kwetu, kwa hiyo kando ya viwanja vya namna hiyo nimesimama sana, na utaratibu naujua. Watoto 50 au 60 wameletwa kutoka shule mbalimbali. Mipira ipo miwili. Muda uliopo ni asubuhi moja tu. Mwalimu anayechagua si mtu mbaya hata kidogo, ana vipindi vyake darasani vinamsubiri na nauli katoa mfukoni. Anawagawa, wanacheza kumi na moja kwa kumi na moja dakika 15, kwenye uwanja wa watu wazima, vumbi linatimka. Sasa hapo ataonekana nani? Ataonekana aliyerefuka mapema. Yule ambaye sauti imeshakuwa nzito, anayefika kwenye mpira kwa hatua tatu wakati mwenzake anahitaji sita, anayembutua beki na mpira wote kwa pamoja halafu watu pembeni wanapiga makofi.

Siku moja nikamfuata mwalimu mmoja nikamuuliza, "Mwalimu, yule mdogo wa katikati mbona umemwacha? Si ndiye peke yake aliyekuwa anainua kichwa kabla ya kutoa pasi?"

Akacheka. "Kaka, mpira anaujua, hilo sikubishii. Ila nikimpeleka mkoani watanivunjia mtoto wa watu. Acha ale ugali kwanza."

Acha ale ugali kwanza. Jamani, hiyo ndiyo sera yetu ya kukuza soka la vijana, imeandikwa kwa maneno manne, na tunaitekeleza vizuri kuliko sera nyingine yoyote nchi hii.

Lakini yule mwalimu ana hoja, tusimkejeli. Mpira ni mchezo wa kugusana. Mtoto anayejua danadana 200 lakini akisukumwa kidogo tu anaanguka na kumwangalia refa, huyo bado si mchezaji. Na tumeshaona kwa macho yetu. Aprili 2019 tuliandaa hapa Dar es Salaam fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17. Mechi ya kwanza Serengeti Boys wakawafunga Nigeria magoli manne. Manne! Tena tuliongoza, Uwanja wa Taifa unaruka. Nigeria wakatugeuzia, ikaisha 5-4. Baada ya hapo Uganda wakatupiga 3-0, Angola 4-2, tukatoka bila pointi nyumbani kwetu. Mechi tatu, magoli 12 ya kufungwa.

Vijiweni hukumu ikatoka siku ileile: watoto wetu laini, hawana mwili, tafuteni majitu. Hapo ndipo mimi natofautiana na kijiwe. Timu inayofunga magoli manne dhidi ya Nigeria haiwezi kuwa timu ya watoto wasiojua kitu. Walichokosa ni kulinda walichokipata: kushika mpira wakati presha imepanda, kuweka mwili kati ya mpira na adui, kupunguza kasi, kufanya rafu ndogo ya kiakili katikati ya uwanja badala ya kukimbizana hadi ndani ya boksi. Ukiviangalia vizuri, vitu hivyo vyote vinafundishwa. Hakuna hata kimoja kinachokuja kwa kurefuka.

Hapa ndipo penye tatizo letu lote, na naomba nieleweke. Sisi tunachanganya ugumu na ukubwa. Tunamwona mtoto mkubwa tunasema huyu mgumu. Hapana. Mkubwa ni mkubwa tu. Ugumu wa mpira ni kuomba mpira tena baada ya kupokonywa mara mbili mfululizo. Ni kupigwa kiatu, kuinuka, na kwenda kusimama palepale. Ni kukubali kupokea pasi mgongo ukiwa kwenye goli la adui na unasikia kabisa beki anakuja. Na hilo, kwa uzoefu wangu wa mtaani, wadogo ndio wanakuwa nalo zaidi, kwa sababu tangu wana miaka saba wanacheza chandimu na kaka zao na hakuna aliyewahi kuwaonea huruma.

Tuje kwenye mwili wenyewe. Watoto wawili wamezaliwa mwaka mmoja, wa kwanza Januari, wa pili Desemba. Kwenye fomu wote ni wa umri mmoja, lakini mmoja amemzidi mwenzake miezi 11, na kwenye umri wa miaka 13 miezi 11 ni mlima. Halafu ongeza kwamba kuna wanaobalehe wakiwa na miaka 12 na kuna wanaobalehe wakiwa na 15. Unaweza ukawa na vijana wawili darasa moja, dawati moja, miili yao imepishana miaka mitatu. Ukiwapambanisha kwa kifua leo, unapima nani kabalehe. Hujapima mpira.

Na mtu anayesahaulika kwenye hesabu hii ni yule mkubwa mwenyewe. Watu wanadhani huyo ndiye anayefaidika. Wapi! Mimi nimekuwa na kijana mtaani kwetu, wenzake walimpachika jina la Tembo. Akiwa na miaka 13 alikuwa anafunga magoli matano mechi moja. Anapiga mpira mbele, anakimbia, anampita beki kwa kumgonga, anapiga. Kila timu inamtaka. Kwa nini ajifunze mguu wa kushoto? Kwa nini ajifunze kutuliza mpira wa juu, wakati akiukosa bado atauwahi kabla ya wengine? Alipofika miaka 18 wenzake wakamfikia kwa urefu, na kasi ikawa sawa. Akabaki na nini? Leo yuko anaendesha bodaboda, kijana mzuri tu, na Jumapili anacheza ndondo, bado anapiga mbele na kukimbia. Mfumo ule ule uliomwacha yule mdogo ulimdanganya na huyu.

Kinachonisumbua ni mpangilio wa vitu. Nguvu zinaweza kuja mtu akiwa na miaka 17, 18, hata 20. Unampeleka gym, unamlisha, baada ya miaka miwili ni mtu mwingine. Lakini mguso wa kwanza, kuangalia nyuma kabla mpira haujafika, kutumia miguu yote miwili, hivyo vinaingia vizuri kati ya miaka 8 na 14 hivi. Ukivikosa hapo, ukubwani utavipata kwa shida sana. Sisi tumegeuza. Miaka ya kujifunza tunawakimbiza milimani na ufukweni, wanabebana mgongoni, tunawaambia pumzi kwanza. Tena tunamkimbiza mtoto aliyekunywa chai ya rangi na kipande cha kiazi. Halafu akifika ligi kuu na miaka 21, kocha wa kigeni anaanza kumfundisha jinsi ya kufungua mwili anapopokea pasi. Mbona hatushangai?

Kwa wale watakaosema hizi ni ndoto za Barcelona na hapa ni Afrika, twendeni Abidjan. Mwaka 1994 klabu ya ASEC Mimosas ya Ivory Coast, pamoja na Mfaransa Jean-Marc Guillou, ilianzisha shule ya soka. Watoto walikuwa wanafanya mazoezi peku. Soma tena hapo: peku. Hakuna viatu, maana yake hakuna mtu wa kuingia kwa miguu miwili, na kila mguso unausikia kwenye ngozi. Kazi ilikuwa mpira, mpira, mpira. Mwanzoni mwa 1999 ASEC, mabingwa wa Afrika, walikuwa wameshauza wakubwa wao wengi, wakaingia kwenye Super Cup ya CAF dhidi ya Espérance ya Tunisia wakiwa na watoto wa ile shule, vijana wadogo kabisa mbele ya wanaume. Wakashinda 3-1 baada ya muda wa nyongeza. Baada ya muda wa nyongeza, ndugu zangu, yaani dakika 120, na sisi tunaambiwa watoto wa ufundi hawana pumzi.

Kwenye shule hiyo walitoka Kolo Touré, Didier Zokora, Aruna Dindane, na baadaye Yaya Touré. Huyo Yaya ana futi sita na zaidi, mwili jumba, na akiwa na mpira ungedhani ni mtu mfupi. Kwa sababu alifundishwa mpira kwanza. Mwili ulipokuja ukakuta kazi imeshafanyika.

Mfano wa pili ni Luka Modrić, na huu nautaka kwa sababu unajibu swali la ugumu. Akiwa mtoto, Hajduk Split walimkataa, wakaona ni mdogo na dhaifu. Ukiisikiliza vizuri ni ile ile "acha ale ugali kwanza," ila kwa Kikroatia. Dinamo Zagreb wakamchukua, lakini hawakumfungia kwenye chumba cha mayai. Akiwa na miaka 18 hivi wakamtoa kwa mkopo kwenda Zrinjski Mostar, ligi ya Bosnia, ligi ya mabavu kweli kweli, viwanja vibovu na mabeki wazima. Akakaa msimu mzima. Mwaka 2018 akachukua Ballon d'Or. Nilichokipenda ni ule mfuatano: kwanza ufundi, kisha, kwa wakati wake, akapelekwa kwa wababe akiwa tayari ana silaha mkononi. Sisi mtoto tunampeleka kwa wababe akiwa na miaka 12, mikono mitupu, akishindwa tunasema hana moyo.

Sasa vijeba. Najua hili linauma, lakini tuliseme. Kila mwaka tunalia kuhusu vijeba kwenye soka la vijana kana kwamba ni pepo linatoka baharini. Kijeba ni zao la uchaguzi wetu. Ukishaweka kigezo kwamba nafasi anapewa mwenye mwili, umetangaza tenda ya miili, na watu wataleta miili. Mzazi anapunguza miaka, shule inafumba macho, mwenyekiti wa timu anatafuta cheti kingine. Serengeti Boys walifuzu fainali za vijana za Afrika za 2005 kule Gambia, wakaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Kizazi kizima kikakaa nyumbani. Miaka 12 baadaye ikageuka: tukaenda fainali za Gabon 2017 baada ya Congo Brazzaville kuondolewa kwa kosa hilo hilo. Na kule Gabon, kikosi kile ambacho wengi walikiona cha watoto wepesi kilitoka 0-0 na Mali, ambao ndio waliochukua ubingwa, na kikamfunga Angola 2-1. Kilitolewa kwa goli moja dhidi ya Niger. Yaani mara ile ambayo hatukutegemea ubabe, tulikuwa karibu zaidi na nusu fainali na Kombe la Dunia kuliko 2019 tukiwa nyumbani.

Kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono, ambacho FIFA walianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009, kinamkamata kijeba mlangoni. Hakimrudishi mtoto halisi aliyeachwa wilayani kwa sababu ya huyo kijeba. Huyo hajulikani hata jina.

Dada zetu nao wametuonyesha kitu. Serengeti Girls walikwenda Kombe la Dunia India 2022. Mechi ya kwanza Japani wakawapiga 4-0. Japani si nchi inayosifika kwa kutoa majitu. Wale mabinti walipiga pasi mpaka wetu wakawa wanakimbiza hewa. Kisha wetu wakatulia, wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka 1-1 na Kanada, wakaingia robo fainali, ndipo Colombia wakawatoa 3-0. Robo fainali ya dunia, kwa watoto wengi waliotoka kwenye viwanja vya vumbi. Natamani ile mkanda ya mechi ya Japani ioneshwe kwa kila mwalimu wa michezo nchi hii, kuliko ile ya Ufaransa ambayo tunaifurahia.

Mtu ataniuliza, kwa hiyo wadogo wote wapite, wakubwa waachwe? Hapana bana. Wabelgiji, ambao Samatta wetu alicheza kwao Genk kuanzia Januari 2016 na kuchukua ubingwa wa ligi msimu wa 2018/19, walilitazama tatizo hili wakafanya jambo rahisi. Kwenye timu za taifa za vijana wakaweka kikosi cha pili, cha watoto wenye kipaji wanaochelewa kukua. Hawakumfukuza mkubwa. Walichokataa ni kumpoteza mdogo kabla hajamaliza kukua. Watoto wa umri mdogo kabisa wanacheza kwenye viwanja vidogo, wachache wachache, ili kila mtoto auguse mpira. Nchi ya watu milioni 11 na ushee, na mnawajua waliotoka huko.

Hapa kwetu tunaambiwa tatizo ni fedha. Hivi kweli? Mwaka 2023 lilipoanza "goli la mama," kila goli la Simba na Yanga kwenye mashindano ya CAF lilikuwa na shilingi milioni 5 kutoka kwa Rais, na baadaye dau likapanda. Sina ugomvi na mchezaji kupewa zawadi, ametoka jasho. Ila chukua kalamu upige hesabu, goli moja tu, ni mipira mingapi ya mazoezi kwa shule za kata moja? AFCON ya 2027 tumepewa pamoja na Kenya na Uganda, viwanja vinajengwa, vizuri. Mtoto aliyekuwa na miaka 12 tulipopewa uenyeji huo Septemba 2023 alikuwa katika umri hasa wa kujifunza mguso. Tumemfanyia nini huyo, zaidi ya kumjengea kiti cha kukaa akiangalia wenzake?

Na viwanja vidogo vya mtaani vinaisha. Pale Kidongo Chekundu ulifunguliwa uwanja wa vijana wa Jakaya Kikwete mwaka 2015, mfano mzuri kabisa. Lakini umoja wake ndio unaonitisha. Maeneo ya wazi mengi tuliyochezea yamekuwa fremu za maduka na maegesho ya magari. Chandimu ndiyo iliyokuwa akademi yetu ya bure, ilifundisha chenga kwa sababu nafasi ni ndogo na ilifundisha ugumu kwa sababu ukianguka unaangukia mawe. Vyote viwili kwa pamoja, bila kocha. Ukiuza kile kiwanja umeuza vyote viwili.

Yapo ambayo hayahitaji bajeti ya wizara. Siku ya kuchagua timu ya wilaya, wagawe watoto wacheze wanne kwa wanne kwenye uwanja mfupi, nusu saa, uone nani anaomba mpira na nani anaukimbia. Andika mwezi wa kuzaliwa pembeni ya jina kabla hujaamua. Acha nafasi tano za kikosi kwa wadogo wanaojua mpira, hata kama hawataanza. Refa wa mechi za watoto apewe maelekezo ya kumlinda mwenye mpira, na yule mzazi anayepiga kelele "mvunje huyo!" aondolewe pembeni ya uwanja. Mwili nao ufundishwe kama ufundi: kukinga mpira, kuruka na kutua, kuanguka bila kuumia. Mazoezi ya kupasha ya FIFA 11+ ni ya bure, yanachukua kama dakika 20, vifaa ni mpira na nidhamu, na yanapunguza majeraha kuliko kupandishana mgongoni kwenye mchanga. Na diwani wako, awe wa chama chochote, muulize hati ya kiwanja cha kata iko wapi na nani kaishika.

Sisi mtaani kwetu tumeanza Jumamosi asubuhi. Wanne kwa wanne, magoli ya matofali, mtoto mkubwa anacheza na wakubwa wenzake mechi moja, na wadogo mechi inayofuata lakini kwa mguu wake dhaifu tu. Jumamosi iliyopita walikuja 43, mipira ipo mitatu, mmoja unavuja.